Kutanuka kwa Ulimwengu na Swali la Mwanzo Wake, 1917–1966

Kosmolojia, yaani taaluma inayouchunguza ulimwengu kwa ujumla wake badala ya kuchunguza nyota hii au sayari ile, ni elimu kongwe kwa maswali yake na changa kwa mbinu zake. Kwa karne nyingi swali lake kuu, la iwapo ulimwengu una mwanzo au ni wa milele, lilikuwa mikononi mwa wanafalsafa na wanateolojia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwashutumu wanafalsafa wa mkondo wa Aristotle kwa kushikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, naye Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu hoja kwa hoja. Lakini mabishano hayo yaliendeshwa kwa mantiki na kwa maandiko, si kwa vipimo. Mwaka 1781 Immanuel Kant alidai kwamba akili inaweza kuthibitisha kwa nguvu ileile kuwa ulimwengu ulianza na kuwa haukuanza, na kwamba mgongano huo unatokana na kuuchukulia ulimwengu mzima kana kwamba ni kitu miongoni mwa vitu, ilhali hakuna mtu awezaye kuupata wote katika uzoefu wake. Wanafalaki wengi wa karne ya 19, wawe walimsoma Kant au hawakumsoma, waliishi ndani ya mpaka huo: walipima mahali na mwendo wa nyota, wakaliacha suala la ulimwengu mzima.

Simulizi iliyozoeleka ya jinsi mpaka huo ulivyovukwa ni fupi mno: darubini zilionyesha kuwa galaksi zinakimbia, ulimwengu ukajulikana kuwa unatanuka, na kwa hiyo ukajulikana kuwa ulianza kwa mlipuko. Simulizi hiyo huunganisha maswali mawili ambayo historia yenyewe iliyatenganisha, yaani swali la iwapo ulimwengu unatanuka na swali la iwapo ulikuwa na mwanzo. Maswali hayo yalijibiwa na watu tofauti, kwa ushahidi wa aina tofauti, na karibu kila jozi ya majibu inayowezekana iliwahi kuwa na mtetezi wake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kosmolojia ilipata hadhi ya sayansi pale ilipojifunza kulijibu swali la kwanza bila kujifanya imelijibu la pili.

Tarehe 8 Februari 1917, katika Akademia ya Sayansi ya Prussia mjini Berlin, Albert Einstein aliwasilisha makala iliyotumia nadharia yake ya jumla ya uhusianifu kuueleza ulimwengu mzima. Nadharia hiyo, aliyoikamilisha Novemba 1915, inasema kwamba mvutano si nguvu inayovuka utupu kutoka gimba moja hadi jingine, bali ni matokeo ya jinsi maada inavyoipinda nafasi pamoja na wakati. Na kwa kuwa milinganyo yake hufungamanisha umbo la nafasi na kiasi cha maada kilichomo, iliwezekana sasa kuuandika ulimwengu mzima kama jibu la hesabu. Kilichomsumbua Einstein ni hali ya mambo kwenye umbali usio na kikomo. Isaac Newton alikuwa ameukabili ugumu wa namna hiyo katika barua alizomwandikia Richard Bentley mwaka 1692 na 1693, kwa sababu maada iliyotapakaa bila mwisho huvutwa pande zote kwa viwango visivyo na jumla ya uhakika. Einstein, kwa upande wake, alikuwa ameathiriwa na Ernst Mach, mwanafizikia na mwanafalsafa wa Austria aliyeshikilia kwamba inesha, yaani ukaidi wa gimba dhidi ya kubadilishiwa mwendo, hutokana na uhusiano wa gimba hilo na maada nyingine yote iliyopo, na kwa hiyo hakutaka kuwepo na eneo la mbali ambako gimba pweke lingekuwa na inesha bila kuwa na majirani. Akaamua kuuondoa umbali usio na kikomo wenyewe: nafasi ijipinde na kujifunga, iwe na ujazo unaohesabika lakini isiwe na ukingo, mithili ya uso wa mpira, ambao una eneo maalumu ingawa anayetembea juu yake hafiki popote panapoitwa mwisho.

Milinganyo haikuuruhusu ulimwengu wa namna hiyo kutulia, kwa maana maada iliyomo ingevutana hadi kuporomoka. Ili kuutuliza, Einstein aliongeza kiungo kipya kinachoitwa konstanti ya kosmolojia, kiasi kisichobadilika kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki lambda, ambacho kwenye umbali mkubwa hufanya kazi ya kusukuma dhidi ya mvutano. Mwishoni mwa makala alikiri wazi kwamba kiungo hicho hakikuhitajika ili nafasi ijipinde bali ili maada itulie, na ushahidi pekee alioutaja kuhusu utulivu huo ni udogo wa kasi za nyota. Nyota alizozirejelea zilikuwa za ujirani wa jua, na hakuna hoja yoyote iliyotolewa ya kuwa mwenendo wa ujirani huo ndio mwenendo wa ulimwengu. Haifai kumhukumu kwa ukali, kwa sababu dhana ya ulimwengu usiobadilika ilikuwa imeenea kiasi kwamba hakuna aliyeihesabu kuwa dhana. Ndiyo maana ilihitaji kiungo cha hesabu lakini haikuhitaji utetezi.

Mwaka huohuo Willem de Sitter wa Leiden alipata jibu la pili kutoka katika milinganyo ileile, nalo lilikuwa la ajabu zaidi, yaani ulimwengu usio na maada hata kidogo. Kwa kuwa Uholanzi haikushiriki katika Vita Kuu ya Kwanza, makala za de Sitter zilichapishwa London, na kwa njia hiyo Arthur Eddington wa Cambridge akaifahamu nadharia ya adui wa nchi yake vita vikiwa bado vinaendelea. Einstein hakulipenda jibu hilo, kwani ulimwengu mtupu wenye inesha uliibomoa nguzo aliyoiazima kwa Mach. Lakini lilikuwa na sifa moja iliyowavuta wanafalaki, nayo ni kwamba mwanga wa vyanzo vya mbali ungepokewa ukiwa mwekundu kuliko ulivyotoka.

Wekundu huo ulikuwa tayari umeanza kupimwa Marekani. Mwanga wa gimba la angani ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika kuwa spektra, yaani utepe wa rangi wenye mistari myeusi ambayo mahali pake hujulikana kutokana na elementi zilizoisababisha; mistari hiyo ikisogea upande mwekundu, mawimbi ya mwanga yamerefushwa, na tafsiri ya kawaida ni kwamba chanzo kinakwenda mbali na mtazamaji, na ikisogea upande wa buluu, chanzo kinakaribia. Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell huko Flagstaff, Arizona, aliipima nebula ya Andromeda, yaani doa la mwanga lililofanana na wingu, mwaka 1912 na kukuta inakaribia kwa takriban kilomita 300 kwa sekunde, kasi ambayo haikuwahi kuonekana kwa nyota yoyote. Kufikia mwaka 1917 alikuwa na nebula 25 zenye umbo la parafujo, na 21 kati ya hizo zilikuwa zinakwenda mbali. Kazi hii ya subira, iliyohitaji kuachia kamera wazi kwa saa nyingi za usiku, haijapewa nafasi inayostahili katika vitabu, labda kwa sababu Slipher hakujua nebula hizo ziko umbali gani.

Umbali ulipatikana kwa ufunguo wa Henrietta Leavitt wa Harvard, aliyeonyesha mwaka 1912, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kwamba nyota za aina ya sefeidi, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mzunguko maalumu, huwa na mng'ao mkubwa zaidi kadiri mzunguko wake unavyokuwa mrefu. Anayejua mng'ao halisi wa nyota huweza kukadiria umbali wake kutokana na ufifi wake. Oktoba 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini ya kioo cha inchi 100 kwenye Mlima Wilson, California, aliigundua nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, na matokeo yaliyosomwa mbele ya wanafalaki wa Marekani tarehe 1 Januari 1925 yalimaliza ubishi wa muda mrefu: nebula hizo ni galaksi kamili zilizo nje kabisa ya galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Wakati huo jibu la tatu la milinganyo lilikuwa limeshachapishwa na kupuuzwa. Alexander Friedmann, mwanahisabati wa Petrograd aliyejishughulisha pia na elimu ya hali ya hewa, alionyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo ya Einstein huruhusu ulimwengu ambao nusukipenyo chake hubadilika kadiri wakati unavyopita, na kwamba baadhi ya majibu hayo huanza kutoka kwenye hali ambamo nusukipenyo ni sifuri. Kwa mfano wa hesabu tu alitaja kipindi cha miaka bilioni 10, huku akisisitiza kuwa takwimu zilizokuwapo hazikutosha kuamua ulimwengu halisi ni wa aina ipi. Einstein alimjibu haraka kwamba amekosea hesabu. Mei 1923 alikiri kwamba kosa lilikuwa lake, ingawa katika rasimu ya ukiri huo aliandika, kisha akakata, maneno ya kudokeza kuwa jibu hilo haliwezi kuwa na maana yoyote ya kifizikia. Friedmann alifariki kwa homa ya matumbo Septemba 1925, akiwa na umri wa miaka 37. Kwake yeye mwanzo ulikuwapo katika hesabu, wala hakudai kwamba ulimwengu halisi ulikuwa umeonekana ukitanuka.

Aliyefunga fundo kati ya hesabu na vipimo ni Georges Lemaître, Mbelgiji aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894, akapigana katika kikosi cha mizinga, akapewa upadri mwaka 1923, kisha akasoma kwa Eddington huko Cambridge na baadaye Harvard na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka 1927, bila kujua kazi ya Friedmann, alichapisha katika jarida la Chama cha Kisayansi cha Brussels makala kwa Kifaransa iliyodai kwamba galaksi hazisafiri ndani ya nafasi iliyotulia, bali nafasi yenyewe inatanuka na kuzibeba, na kwamba urefu wa mawimbi ya mwanga huongezeka kwa uwiano uleule ambao nusukipenyo cha ulimwengu kimeongezeka tangu mwanga huo utoke. Alichukua kasi zilizotokana zaidi na vipimo vya Slipher na umbali uliotokana na kazi ya Hubble, akapata kwamba kasi huongezeka kwa takriban kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, kipimo cha umbali sawa na miaka nuru milioni 3.26.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ulimwengu wa makala hiyo hauna mwanzo. Lemaître aliuchora ukitoka polepole katika hali tulivu ya Einstein iliyokuwapo tangu wakati usio na kikomo, kisha ukizidi kutanuka. Padri huyu, ambaye baadhi ya wapinzani wake walimshuku kwamba alikuwa akitafuta kisa cha uumbaji ndani ya milinganyo, aligundua kutanuka kwa ulimwengu katika makala ambamo uumbaji haukuhitajika kabisa. Walipokutana Brussels Oktoba 1927, wakati wa mkutano wa wanafizikia wa Solvay, Einstein alimwarifu kuhusu Friedmann, akakubali kuwa hesabu hazina kasoro, na akaikataa fizikia yake kwa maneno makali, kama Lemaître mwenyewe alivyokumbuka baadaye.

Mwaka 1929 Hubble alichapisha uhusiano wa umbali na kasi kwa galaksi 24, akapata kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na tangu hapo uhusiano huo ukaitwa kwa jina lake. Hubble aliwaachia wananadharia tafsiri, na kwa miaka mingi aliendelea kuziita kasi hizo za dhahiri tu, yaani zinazoonekana hivyo pasipo kudai kwamba ndivyo zilivyo. Makala ya Lemaître ilipotafsiriwa kwa Kiingereza London mwaka 1931, aya iliyokokotoa kiwango cha kutanuka ilikosekana, na kwa muda fulani wapo waliodhani kwamba kuna mtu aliyeifuta kwa manufaa ya Hubble. Mwaka 2011 mwanafizikia wa anga Mario Livio alionyesha kwa barua iliyohifadhiwa kwamba mfasiri na mpunguzaji alikuwa Lemaître mwenyewe, aliyeona kwamba takwimu zake zimepitwa na wakati. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipendekeza kwa kura mwaka 2018 sheria hiyo ibebe majina yote mawili. Suala la nani alitangulia, hata hivyo, lina uzito mdogo kuliko kilichofuata mwaka 1930, pale Eddington alipoonyesha kwamba ulimwengu tulivu wa Einstein hauwezi kudumu katika utulivu wake hata kama una konstanti, kwa kuwa mtikisiko mdogo kabisa huusukuma utanuke au uporomoke. Dhana iliyoletewa kiungo cha kuitegemeza ilianguka kwa hesabu zake yenyewe, na Einstein, baada ya kuzuru Mlima Wilson mapema mwaka 1931, akaiacha pamoja na konstanti yake.

Hivyo swali la kwanza likawa limejibiwa, na la pili likafunguliwa mwezi Mei wa mwaka huohuo. Eddington alikuwa ameeleza kwamba wazo la mwanzo wa ghafla wa ulimwengu linamchukiza kifalsafa. Lemaître alimjibu kwa barua fupi katika jarida la Nature, tarehe 9 Mei 1931, akitumia nadharia ya kwanta, ambayo huhesabu nishati kwa vipande visivyogawanyika. Kwa kuwa idadi ya vipande hivyo huongezeka kadiri wakati unavyosonga, kurudi nyuma ni kuelekea kwenye vichache zaidi, hadi kipande kimoja kilichobeba nishati yote. Na kwa kuwa nafasi na wakati ni dhana zenye maana pale tu vipo vingi, kipande hicho pekee hakikuwa na mahali wala saa. Kwa hoja hiyo kuuliza kilichokuwapo kabla ya mwanzo kunakosa maana, si kwa sababu jibu limefichwa bali kwa sababu neno "kabla" halina pa kushika. Katika nakala iliyopigwa taipu kulikuwa na aya ya mwisho iliyomtaja Mungu aliyejificha kwa asili yake, nayo Lemaître aliikata kabla ya kuchapisha. Kukata huko hakukuwa woga. Kunaafikiana na msimamo alioushika hadi kufa, kwamba nadharia tete ya kifizikia, yaani dai linalosubiri kupimwa, haimthibitishi Muumba wala haimkanushi.

Katika miaka ya 1930 ubishi ulihamia kwenye mbinu. Majibu yote yaliyotajwa hapa yalitegemea dhana kwamba ulimwengu, ukitazamwa kwa kipimo kikubwa, unafanana kila mahali na kila upande, dhana ambayo mwanzoni ilipokewa kwa sababu bila hiyo milinganyo haitatuliki kwa urahisi. Edward Milne wa Oxford aliigeuza dhana hiyo kuwa msingi, akaiita kanuni ya kosmolojia, na akajaribu kuvuta sheria za maumbile kutoka humo kwa njia ya hoja pekee. Mwaka 1937 mwanafizikia Herbert Dingle alimshambulia Milne katika Nature, pamoja na Eddington na Paul Dirac, kwa kurudisha tabia ya kuanzia na kanuni tukufu na kuishia na maumbile, badala ya kuanzia na maumbile. Lugha ya Dingle ilivuka mipaka ya adabu ya kitaaluma, lakini swali lake lilikuwa la haki: sayansi ya kitu kilicho kimoja tu, kisichoweza kulinganishwa na kingine wala kurudiwa katika maabara, hutofautishaje sheria ya maumbile na tukio lililotokea mara moja?

Vipimo vyenyewe vilikuwa na mashaka yao. Kiwango cha Hubble kiliupa utanukaji muda usiozidi takriban miaka bilioni 2, wakati mwanajiolojia Arthur Holmes, akitumia kuoza kwa urani kuwa risasi ndani ya miamba, alikuwa amekadiria katikati ya miaka ya 1940 kwamba dunia ina zaidi ya miaka bilioni 3. Mtoto alikuwa mkubwa kuliko mamaye. Lemaître aliitunza konstanti kwa ajili hiyo hasa, kwa kuwa iliuwezesha ulimwengu kusitasita katikati ya safari yake na kujipatia umri, na Einstein hakumkubalia kamwe. Ilikuja kujulikana mwaka 1952, mwanafalaki Walter Baade alipoonyesha kwamba sefeidi ni za aina zaidi ya moja, kuwa umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa kwa nusu yake au chini, na muda wa kutanuka vilevile.

Ugumu huo wa umri ndio uliowapa nguvu Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle, ambao mwaka 1948 walipendekeza ulimwengu unaotanuka milele bila mwanzo, huku maada mpya ikizaliwa polepole kujaza nafasi zinazoachwa. Kiasi cha maada hiyo kilikuwa kidogo mno kuweza kugunduliwa katika maabara. Bondi, aliyevutiwa na falsafa ya Karl Popper, alijivunia kwamba nadharia yao inaweza kukanushwa, kwa sababu ilidai kuwa galaksi za mbali, ambazo mwanga wake ni wa kale, zifanane na za karibu. Ni Hoyle aliyewapa wapinzani wake jina, alipouita mwanzo waliouamini "mlipuko mkuu" katika kipindi cha redio ya BBC Machi 1949. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliuhusisha hadharani mwanzo huo na uumbaji, jambo lililomkera Lemaître kuliko lilivyomfurahisha, na hotuba ya Papa kwa wanafalaki Septemba 1952 haikulirudia dai hilo.

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao ya Holmdel, New Jersey, ilipokea kutoka kila upande wa anga mnururisho wa takriban nyuzi 3.5 juu ya sifuri halisi. Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wamekadiria mwaka 1948 kwamba ulimwengu ulioanza ukiwa na joto kali ungeacha mabaki ya nyuzi 5 hivi. Ulimwengu usiobadilika wa Hoyle haukuwa na maelezo rahisi ya mnururisho huo, na kwa walio wengi ulishindwa kwa vipimo, kama Bondi alivyotaka nadharia ihukumiwe. Habari zilimfikia Lemaître hospitalini, muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966. Mnururisho huo unatoka katika wakati ambapo ulimwengu ulikuwa na umri wa takriban miaka 380,000, baada ya gesi yake kupoa kiasi cha kuruhusu mwanga kupita. Unathibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na joto na msongamano mkubwa, wala hauonyeshi kilichokuwa kwenye nukta ya sifuri, ambako milinganyo ya mwaka 1915 hutoa viwango visivyo na kikomo na hivyo haiwezi kutegemewa.